Gari la Pruitt

Nje ya lango la kambi, Karolina Kaskazini,
muuzaji alimwita shujaa, akampa kalamu.
Miaka kumi na tisa, mshahara wa kwanza,
gari jekundu, riba asilimia ishirini na nne.

Sasa tuko jangwani. Usiku, zamu ya lindo,
Pruitt anahesabu kwa kidole
juu ya vumbi la sanduku la risasi:
bima, rejesho, dola mia mbili za mama.
Anafuta. Anahesabu tena.
Jumla ni ileile.

Gari limelala chini ya turubai;
deni halilali, wala halina likizo.

"Nikirudi nitaliuza," ananiambia.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Lakini laiti ungesikia linavyonguruma."