Kofia Tisa

Saa tisa usiku, Kileleshwa.
Mbwa wa nyumba nambari nne amechoka kubweka,
nami kibandani, langoni,
nina tochi, kitabu cha wageni, chai ndani ya chupa,
na sindano mbili nilizonoa
kutoka njiti za gurudumu la baiskeli.

Uzi niliununua ukiwa bado sweta.
Soko la Toi, shilingi sabini, kiwiko kimetoboka,
kifuani kulungu wa nchi za theluji.
Nilimfumua kulungu huyo kuanzia pembe,
akanijia mkononi mwekundu, amejikunjakunja
kama nywele zilizofumuliwa jana.
Nikamwosha, nikamtundika,
nikamfungia jiwe anyooke.

Kufuma alinifundisha dada yangu Kerubo
mwaka ule nilipovunjika mguu
nikashindwa kwenda kuchuma majani chai.
Wavulana walicheka. Nikafuma.
Vidole havijui kama ni vya mwanamume.

Mwaka huu nikaandika orodha
nyuma ya kitabu cha wageni:
Kerubo, Ombati, mama,
pacha wa Nyaboke (hao ni wawili),
shemeji anayenidai,
mwalimu Onchari, mtoto ambaye sijamwona,
na baba, ambaye havai kofia.

Tisa. Na siku ishirini na mbili.
Nikapiga hesabu ya vitanzi,
na hesabu ikanipiga mimi.

Kufikia ya nne nilikuwa nafuma
kama ninavyoandika magari:
nambari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.
Mabega yakapanda hadi masikioni.
Nikamkasirikia Onchari, mzee wa watu,
ambaye hakuniomba kitu.
Ile ya nne, ya shemeji, ikatoka ngumu kama sufuria;
ungeigonga kwa kijiko ingelia.

Musembi, mkaguzi wetu, akaja na pikipiki,
akanimulika usoni. "Umelala?"
"Nafuma."
Akaichukua kofia, akaipindua ndani nje,
akaibonyeza kwa kidole gumba.
"Hii umeifuma una hasira," akasema.
"Mama alikuwa na mkono huu mwezi wa karo."
Akatia sahihi, akaenda.
Baridi ikarudi kuketi mahali pake.

Nikatafuta ncha. Nikavuta.
Kiswahili kina huruma:
kati ya kufuma na kufumua
kimeweka irabu moja tu,
kilango chembamba cha kurudia.
Mstari kwa mstari hasira ikatoka,
ikabaki lundo miguuni, laini,
haimdai mtu.

Nikaanza upya, orodha nimeikalia.
Nikazisikia tena sindano zikinong'onezana.
Uzi ukapita kwenye kidole cha shahada
kama mpangaji wa siku nyingi:
hasimami, hatii sahihi.
Kitanzi kimoja kikaponyoka, nikakirudia
bila kumtukana yeyote.
Nilipoinua macho
muuza maziwa alikuwa anagonga lango
na chai yangu imepoa, sijaionja.

Waliosema kutoa ni moyo
hawakusema moyo uende mbio.

Tarehe ishirini na tatu nitafika Nyamira
na kofia nne, ya tano ikiwa sindanoni.
Wengine nitawapa mkate na sukari,
na ruhusa ya kunitazama.
Pacha watauburura uzi hadi jikoni.
Baba atavuta kigoda karibu na moto, aulize
kulungu mzima amekuwaje kitu kidogo hivi,
nami nitamjibu nikiendelea.

Kwanza nani avae sufu Desemba, jua likiwaka?
Itangoja Julai,
asubuhi ya manyunyu, ukungu umekalia majani chai,
iketi juu ya kichwa cha mtu.
Sijui bado ni cha nani.
Baba alikuwa anaipima kwa macho.