Ufunguo

Nesi Denise alinipa ufunguo
mkubwa kama wa ghala la kopra.
Huu, mama, unafungua vyoo vya walemavu,
Leicester na kwingineko. Utauhitaji.
Nikacheka. Kwetu mwenye ufunguo mkubwa
ni mwenye mali.

Sasa naujua mji kwa vyoo vyake.
Cha sokoni mlango unakwama.
Cha stesheni taa hujizima ukikaa sana,
nami hukaa sana.
Narborough Road nashuka basi vituo vitatu kabla,
natembea kama aliyebeba maji kwa viganja.

Na walinizoesha wao wenyewe:
vikombe vitatu, usiende haja, lala, usitikisike.
Siku ishirini na tano nilikijaza kibofu,
mashine ikanizunguka ikinguruma,
watu wote wakatoka wakaniacha nayo.
Leo kikombe kimoja cha chai
kinanidai kabla sijakitua mezani.

Dawa ya moto ni moto, alisema Shekuwe,
aliyekuwa akiningoja nje, koti langu magotini.
Kweli. Uvimbe ulikwisha, picha ni safi,
daktari alinipa mkono.
Lakini moto huzaa majivu,
wala sikuambiwa majivu yatakaa wapi:
damu mbichi chooni, miaka miwili baadaye;
mguu wa kushoto, kiatu kimeukataa;
na pale, pale pamekaza
kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba.

Kwa hapo Denise alinipa vijiti vya plastiki,
vinne, mdogo hadi mkubwa,
vinaingiana kama sufuria za arusi.
Viko kabatini, chini ya doti nisizozipiga pindo.
Mficha uchi hazai. Haya.
Nimeshazaa wanne, na bado naficha.
Usiku Shekuwe hunigeuzia mgongo kwa adabu.
Adabu hiyo ndiyo inayoniuma.

Usichanani nilimcheka mtu aliyejichora mwili.
Sasa nina nukta tatu za wino,
moja chini ya kitovu, mbili nyongani,
walizolengea mionzi. Hazifutiki.
Mwanakheri aliziona nikibadilisha nguo:
Mama, ni nini hizo?
Nikamwambia, ni zile zinazowekwa
sentensi inapokatika
na mwandishi bado ana la kusema.
Alitaka kuuliza la pili.
Nikamwomba radhi, nikakimbia,
ufunguo mkononi, na tulikuwa nyumbani.