Chembe Kisichokunjuka

Bwana Lahti amevipanga vinane juu ya kaunta,
kila kimoja ndani ya kikasha chake, kama hereni.
Chagua, Aune, ananiambia. Nafunga saa kumi na moja.

Vinne ni vya kisasa: mbawa zimelala ubavuni,
husafiri zimefumba, hufumbuka zikigusa nyama.
Mpwa wangu Tauno haapi ila kwa hivyo.
"Shangazi, vinaruka sawasawa na mshale wa mazoezi,
huna haja ya kuhangaika na upinde."
Kweli. Mwaka jana sikuhangaika.

Mwaka jana kulungu dume alisimama kati ya mierezi,
hatua ishirini na mbili; nilizihesabu mwezi wa nane
kwa miguu yangu mwenyewe.
Upote ukalia. Akaruka, akatimka.
Wano nililiokota limevunjika, chembe amekwenda nacho.
Damu: tone juu ya jani la mkangaga,
tone juu ya gogo, kisha doa pana kama kisahani,
nikafurahi,
kisha hakuna.
Nilitambaa na taa hadi saa sita za usiku
nikiacha kipande cha karatasi ya choo kila nilipoona wekundu,
mstari mweupe ulioteremka kinamasini ukakoma.
Alfajiri mvua ikanyesha, ikafua msitu wote.
Majuto ni mjukuu, husema watu.
Wangu alizaliwa usiku uleule.

Basi leo mkono unakwenda upande wa pili.
Chuma kimoja, ncha hadi shingo,
makali mawili mapana, na mawili madogo
yamepita katikati.
Hakina bawaba, hakina mpira, hakina siri.
Hukata kabla hakijaulizwa.
Nakiweka kwenye mizani ya Lahti ya kupimia baruti:
gramu nane na nukta moja. Cha pili, nane na nukta moja.
Cha tatu kimepungua unywele. Nakirudisha, naomba kingine.
Lahti anatazama saa.

"Hiki kitakuumbua," anasema. "Kina uso, upepo hukishika.
Upinde ukienda upande hata wembamba wa ukucha..."
Najua. Ndicho nilichokuja kununua:
kitu cha kuniumbua nyuma ya nyumba yangu,
mbele ya gunia la sponji,
si mbele ya jicho linalonitazama.
Natoka na vinne.

Hatua ishirini. Cha kwanza kinakwenda kushoto, kiganja kizima.
Nalegeza skrubu ya kiegemeo, robo mzunguko.
Kushoto tena, vidole viwili.
Robo nyingine. Mbu wananila shingo, moshi wa sauna
unashuka kutoka kwa jirani, giza linaanza kula gunia.
Narusha, nafuata, nachomoa, narudi.
Mara ya tisa kinaingia katika tundu la mara ya nane.

Hicho sasa ni butu. Nakitundika msumarini, kazi yake imekwisha.
Vitatu vilivyobaki navipitisha juu ya kinoo cha baba,
jiwe lililobonyea katikati kama kizingiti cha shule,
mate kidogo, mlalo uleule, taratibu.
Siamini nywele za mkono; hata kisu cha samaki kinanyoa.
Navuta mpira wa kufungia gazeti,
naugusisha kwenye makali, siusukumi.
Ukikatika wenyewe, tayari.

Cha kwanza, tap.
Cha pili, tap.
Cha tatu kinaukwaruza tu, mpira unanitazama.
Narudi kwenye kinoo. Tauno amekuja mlangoni
na kikombe cha kahawa, anauliza nitamaliza lini.
Sijui, namwambia. Kaa.

Tarehe mosi msimu unafunguliwa.
Podo lina nafasi nne. Natia mishale mitatu.
Ile ya nne naifuta vumbi
kwa ncha ya kidole,
naiacha.