Doa

Nilikuwa nimekwisha andika tarehe
na "Kwa ndugu yangu Badi",
nikakwama. Kalamu ikaning'inia,
ikatapika tone.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua.
Wino je? Wino hupiga kambi.
Ulisambaa polepole kwenye karatasi ya daftari la Fumo,
ukatoa ncha, ukatoa rasi,
ukaacha ghuba nyeupe, upana wa ukucha.

Nilitaka kumwandikia habari za nyumba:
kwamba chumba cha juu mama alinitajia mimi,
kwamba fundi amekwisha lipwa nusu,
kwamba nina mashahidi.
Badala yake nikaigeuza karatasi ubavu.

Mlima.
Mimi mzaliwa wa Mtamuini,
ambaye kilima changu kirefu ni mchanga wa Shela,
niliuona mlima, umeinama
kama mtu aliyedondosha pete.
Nikaufuata kwa ncha, sikuuamrisha:
wino ulipovuta unyuzi nikatia njia,
ulipopauka nikatia shamba la mtama,
na vitone vitatu vilivyorukia pembeni
vikawa watu wanaoshuka na mizigo.
Mmoja amechoka, amekaa.

Mchezo ukaninogea. Nikaitikisa kalamu makusudi:
wapi! Doa la kukusudia lina haya,
linajua linatazamwa.
Nikafumba macho, nikahesabu deni la unga,
ndipo likaanguka jingine, mwisho kabisa wa karatasi,
zito, halina mlango.
Nililizungusha mara nne. Halikukubali kuwa nchi.
Nikaliacha na weusi wake.

Adhana ya alfajiri ilinikuta na vidole vyeusi
kama mtoto wa chuoni.
Barua hapana. Niliikunja ile nchi mara mbili,
nikampa Swafiya, aliyekuwa akienda Malindi kwa mkwewe.

Wiki tatu.
Ikarudi karatasi ileile, bila salamu.
Kwenye doa lile zito, kando yake, kwa kalamu ya bluu,
Badi amechora dirisha, na kibatari dirishani.
Na kutoka hapo hadi mlimani kwangu,
juu ya weupe wote ule,
wikio:
limepinda, halina boriti hata moja,
fundi yeyote angelicheka.

Bado hatujasemezana.
Chumba cha juu kina kufuli, na ufunguo ninao mimi.
Lakini jana nilichukua rula ya Fumo, nikalipima lile wikio.
Mtu mmoja anapita,
akiinama.