Uzi wa Gunia

Nilikwenda mimi kwa sababu mama Dadi alikuwa na homa.
Si kwa sababu nyingine, nisijisifu.
Mnyambe, siku ya lishe, ndani ya ghala la chama cha msingi,
tupu tangu mnada wa mwisho, lakini harufu haijahama.
Mizani ya watoto wameitundika kwenye kenchi ya paa.
Kinamama arobaini na wawili, na mimi.
"Huyu kadhani leo kuna malipo," mmoja akasema.
Wakacheka. Nikacheka nao, jasho likinitambaa mgongoni.

Kilo nane na gramu mia mbili.
Mimi ni mtu wa kubishana na mizani,
karani wa ghala ananijua:
gunia langu likipungua robo kilo
silali mpaka lipimwe upya.
Siku ile sikuwa na neno.

Somoe Chilumba, mhudumu wetu wa afya
(tulisoma darasa moja, akinishinda hesabu),
akatoa utepe mwembamba wa rangi tatu,
akauzungusha kwenye mkono wa mwanangu, juu ya kiwiko.
Ukasimama kwenye njano.
"Anakula nini?"
Anashiba, nikasema.
"Sikuuliza kushiba."

Nikataja. Uji wa muhogo. Ugali wa muhogo.
Ming'oko, msimu wake, kwa chumvi.
Nikaisikia orodha yangu ilivyo nyeupe,
nyeupe mwanzo hadi mwisho, kama sanda.
"Mayai?"
Kuku tunao sita. Mayai yanakwenda dukani kwa Mchopa,
yanarudi biskuti na ile juisi ya unga.
Tena bibi yake anasema mtoto akila yai atachelewa kusema.
"Korosho?"

Hapo akanimaliza.
Tani moja na magunia mawili nilipeleka mwaka jana.
Bati nimeezeka. Redio ya sola inaongea.
Korosho zangu zimepanda meli zikafika kwa watu
ambao hata salamu yao siijui,
watoto wao wanazitafuna wakitazama runinga,
na Dadi, aliyejifunza kutambaa juu ya majani ya mkorosho,
hajui ladha yake.

Somoe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alituonyesha tu: vipande, vile vinavyokataliwa mnadani,
kaanga, twanga, tia kwenye uji wa mtama.
Kisamvu kwa njugu mawe, kijiko cha ufuta.
Mabibo, alisema, si ya kuozea chini
wala si yote ya uraka.
Wanaume wa uraka hawakuwepo kusikia.

Jioni nikashika kinu, mara ya kwanza tangu nioe.
Nanguka akachungulia juu ya ua:
"Mkeo kafa?"
"Hajafa. Natwanga."
Akakaa kimya kidogo. "Natwanga nini?"
Kesho yake akaja kuuliza kama vipande vimebaki.

Yai ndilo lilikuwa vita.
Siku mbili mama yangu alilitazama kama la nyoka.
Ya tatu akalimenya mwenyewe, kwa hasira,
akampa mjukuu kipande kwa kipande,
akimsemesha neno baada ya kila kipande, asije akawa bubu.
Dadi akamjibu "ta". Mama yangu anasema ni "bibi".

Utepe sina. Nilichukua uzi wa kushonea magunia,
nikauzungusha mkononi mwake akiwa amelala,
nikafunga fundo.
Mwezi ulipokwisha nikafunga la pili.
Kati ya mafundo mawili panaenea punje ya mtama,
moja, tena ikilala ubavu.
Najua, Somoe, bado ni njano.
Lakini hii nimepima mimi, na kwa mara ya kwanza
sijadai kurudiwa.

Msimu unakuja, mikorosho imeanza kutoa maua.
Uzi ninao wa kutosha magunia yote.
Moja sitalishona.