Siyo Hii

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa nne, Wales,
na juu ya Bryn Cadno kondoo anazaa vibaya.
Nimemwona kwa darubini, amelala ubavu:
miguu miwili ya mwanawe imetokeza,
kichwa hakipo.

Nageuza ufunguo. Taa ya kijani inawaka.
Starta inazunguka, inazunguka, inazunguka,
kama mgeni rasmi anayesafisha koo nusu saa
asitoe hotuba.

Haya. Tuulizane polepole, wewe na mimi,
ewe chuma cha magurudumu manne usiye na haya.
Petroli ipo: nimetikisa tangi, limenijibu.
Betri nzima, la sivyo ungelia ngii ukakata kauli.
Choki nimevuta. Nimerudisha. Nimevuta tena.
Chujio la hewa nimelifungua, na humo panya kajenga
kwa manyoya ya kondoo wangu mwenyewe
na kipande cha soksi sijui kaiba wapi.
Nikamhamishia kwenye kopo la rangi, yeye na wanawe wanne,
nikimwomba radhi, huku moyoni nasema:
ndiyo hii, nimeshakupata.
Starta ikazunguka, ikazunguka.
Siyo hii.

Imebaki plagi.
Na spana ya plagi iko kwa Idwal.

Mimi na Idwal hatujasemezana tangu mambo ya seng'enge,
mwaka wa tatu huu. Alisogeza nguzo hatua mbili,
au niliisogeza mimi,
inategemea unamuuliza nani,
na bonde zima limeshaulizwa.
Kanisani yeye hukaa kushoto, mimi kulia,
tukaimba sauti mbili tofauti, nazo zikapatana,
jambo linaloniudhi kila Jumapili.

Nikampigia simu. Mficha uchi hazai,
na kule juu yupo aliyeshindwa kuuficha.
Iliita mara moja tu.
"Pikipiki," nikasema.
"Nakuja," akasema.
Neno moja kila mtu, kwa miaka mitatu. Si haba.

Alikuja na nguo za kulalia ndani ya koti la mvua,
spana mkononi, salamu hana.
Akaizunguka pikipiki kama mnunuzi mnadani
anayejua tayari bei atakayoikataa.
Kisha akanyoosha kidole gumba
hadi kwenye usukani, upande wa kushoto,
akabonyeza swichi nyekundu.
Ile ya kuzimia.

Aliyeigusa jana ni mbwa wangu Fflos akirukia mbele,
au ni mimi, kwa kiwiko.
Inategemea unamuuliza nani.

Injini ikakohoa mara mbili, ikanguruma.
Moshi ukapanda kati yetu.
Nikatazama matope, nikingoja acheke.
Akapanda nyuma yangu.
"Mikono yangu midogo kuliko yako," akasema,
na ni kweli, ni jambo analotaniwa tangu shule.

Kwenye seng'enge alishuka kufungua lango.
Nikapita. Akalifunga.
Akaishika ile nguzo kidogo,
kama anayepima homa ya mtoto wa watu,
akarudi kukaa. Sikuuliza.

Mvua ya mawe ilitukuta juu.
Alipiga magoti, akazamisha mkono, akafumba macho,
akatafuta gizani kile ambacho mimi nisingekifikia.
"Kimegeukia nyuma," akasema. "Ngoja. Ngoja. Haya."
Kikatoka kwa mkupuo mmoja:
cha manjano, kirefu, kimelegea, kimya.

Akakifuta pua. Akakipuliza.
Nikakitekenya tundu la pua kwa unyasi.
Hakuna swichi hapo. Nilitafuta kwa macho, naapa.
Akakining'iniza kwa miguu ya nyuma, akakibembeza
mara moja, mara mbili,

kikapiga chafya.

Mama yake akageuka kukilamba, akimsukuma Idwal kwa kichwa
kama mtu aliyekawia kuondoka.
Tulikaa kwenye nyasi, tumelowa, hatuna la kusema,
na kando yetu pikipiki ikinguruma, ikila petroli bure.
Sikuthubutu kuizima.