Tatu Nukta Saba Tatu

Pascoe alibadilisha difu wiki ile ile tuliyohamia,
kabla hata ya kutundika mapazia.
Aking'oa gia ndefu za kiwandani, akipachika fupi:
tatu nukta saba tatu,
shafti izunguke karibu mara nne
ndipo gurudumu lizunguke mara moja.
"Sasa ni mbwa aliyekatiwa kamba," akaniambia.

Na kweli. Taa ikiwaka kijani
kitako kinachutama, pua inainuka,
gia ya kwanza inakwisha hujamaliza kutaja jina lako,
ya pili inaingia kama teke la mgongo,
matairi yanalia, vumbi jekundu la Broken Hill
linapanda hadi kwenye meno ya watazamaji.

Alikuwa mtu wa robo maili, Pascoe.
Alikufa hivyo pia: Jumanne, kazini,
chai yake haijapoa.

Mimi ni muuguzi. Kilomita mia tatu hadi Mildura,
mara mbili kwa wiki, na njia haina kona ya kukumbuka.
Kwenye mia na kumi kwa saa
mshale husimama elfu mbili na mia nne
wala hautelemki. Giaboksi imeshaingia ya nne,
haina ya tano ya kunipa.
Ngurumo moja, saa tatu nzima,
kama mtu anayesimulia jambo lile lile
kwa sauti ile ile,
na tangi linasikiliza huku likikauka.

Nikampelekea Zvonko.
"Nirudishie ndefu. Mbili nukta saba tatu."
Akatema ganda la alizeti. "Atakuona kutoka huko aliko."
"Aone."

Siku nzima miguu yake tu ndiyo ilionekana,
sauti ikitoka chini ya chuma:
watu hudhani gia fupi ndiyo nguvu.
Nguvu ni ile ile, anayeigawa ndiye tofauti.
Tabo hula mzigo.
Moshi wa eksozi ndio unaozungusha feni yake,
na injini isiyosukuma kitu haina moshi wa maana.
Ukiipa gia fupi, inavuta pumzi tu, gia imeshabadilika.
"Tabo bila tabu haiamki," akasema,
akaomba spana namba kumi na nne.

Usiku wa kwanza nilidhani nimeharibu gari.
Kwenye taa za Mildura kijana wa kigari cheupe
aliniacha kama nimeegesha.
Kwenye vilima gia ya nne ilisita,
ikashuka ya tatu, ikapanda, ikashuka tena,
kama mtu asiyejua amefuata nini chumbani.
Sitaficha hilo.

Lakini karibu na nusu ya njia
nilikuta lori lenye matrela matatu,
taa zake zikimulika kangaruu aliyekufa tangu jana.
Nikatoka upande wa kulia, nikakanyaga.
Hakuna kitu.
Mafuta ya konveta yakateleza, moja, mbili.
Kisha msukumo ukaja kutoka chini, polepole, mzito,
trela la kwanza, trela la pili,
wala gia haikubadilika,
trela la tatu, kichwa cha lori, dereva na kofia yake,
na bado ya tatu ilikuwa ikivuta,
bado ilikuwa na la kusema.

Niliporudi upande wangu mshale ulitua
elfu moja mia saba na hamsini.
Nikasikia upepo kwenye kioo cha pembeni.
Miaka sita ndani ya gari lile,
sikujua kioo kile kina mluzi.

Krauni ya zamani ipo dirishani, jikoni,
juu ya gazeti linalonyonya oili.
Nimeyahesabu meno yake: arobaini na moja.
Pinioni, kumi na moja.
Nikagawanya nyuma ya bili ya umeme:
tatu nukta saba mbili saba mbili saba mbili,
karatasi ikaisha.
Kwenye boksi waliandika saba tatu,
na yeye akaamini.